Mashindano ya FIFA kwenye kibanda cha PS: mwongozo kamili wa kuyaanza na kuyamaliza siku hiyohiyo

Kila baada ya wiki mbili tatu naulizwa swali moja, likija kwa sura tofauti: mashindano ya FIFA, ile gemu ya mpira ya PS (PlayStation), tuyamalize vipi siku hiyohiyo? Vijana wa Kisauni, hapa Mombasa, wameandaa mashindano, watu 22 wamelipa, wameanza saa nane mchana, saa tano usiku ndo kwanza wako robo fainali, mwenye kibanda anataka kufunga akalale na watu wanadai pesa yao. Majengo hivyohivyo. Likoni hivyohivyo. Mimi pia nshapitia, kuna kibanda kimoja hapa mjini tulivunja mashindano saa sita usiku bila bingwa, na jamaa wawili waliokuwa marafiki toka madrasa wakaondoka hawasemezani kwa sababu ya mechi moja iliyokatwa na stima. Iliniuma sana manake haikuwa lazima.

Karibu kila mara kosa linafanyika kabla ya siku yenyewe. Hakuna aliyekaa akapiga hesabu ya mechi, na sheria zote zilikuwa kichwani mwa mtu mmoja.

Hapa nimechukua mfano wa watu 16, tivi mbili, siku moja. Watu wakiwa wengi zaidi au tivi zikiwa nne utabadilisha namba tu, njia ni ileile.

## Vitu vya kuwa navyo

- PS mbili za aina moja, PS4 mbili au PS5 mbili, usichanganye
- Gemu ileile kwenye zote mbili
- Tivi mbili, zikilingana ukubwa ni bora
- Padi 4 za kuchezea na 2 za akiba, kila moja na kebo yake (ya PS4 inaingia kebo ya simu za zamani, ya PS5 ni Type-C kama simu za saa hizi)
- Ekstensheni nzima isiyolegea, na UPS (betri ya kushikilia stima ikikatika) kama unaweza kuazima
- Karatasi ya manila, kalamu nene, selotepu
- Vitambaa vikavu viwili vitatu
- Daftari la pesa
- Marefa wawili wasiocheza, na mtu mmoja wa kushika pesa ambaye pia hachezi

Hao watu watatu ndo watu wanawaruka. Wanasema refa atapatikana palepale. Palepale kila mtu anataka kucheza au ana rafiki yake anayecheza, na hapo ndo rabsha inapoanzia.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya mechi kabla hujatangaza chochote

Hii hatua isome mara mbili tafadhali.

Mtoano wa moja kwa moja, ukifungwa unaenda nyumbani, idadi ya mechi ni idadi ya watu ukitoa mmoja. Watu 16 ni mechi 15. Watu 22 ni mechi 21. Sababu ni rahisi, kila mechi inatoa mtu mmoja na mwisho anabaki mmoja.

Makundi ya watu wanne wanne ni hesabu nyingine. Kila kundi lina mechi 6. Watu 16 ni makundi 4, kwahivo mechi 24. Wawili wa juu kila kundi wanaingia robo fainali, hapo ongeza mechi 4, nusu fainali 2, mshindi wa tatu 1, fainali 1. Jumla 32.

Sasa muda. Ukiweka dakika 4 kila kipindi mtu anadhani mechi ni dakika 8. Sivyo. Kuna kuchagua timu, kupanga kikosi, mapumziko, marudio ya magoli, mtu anabadilisha wachezaji, mtu anafuta mikono. Nimepima kwa simu mechi nyingi sana na nakwambia weka robo saa kwa kila mechi ya dakika 4. Ukiweka dakika 6 kila kipindi weka dakika 20.

Mechi 32 kwa tivi mbili ni zamu 16. Zamu 16 mara robo saa ni masaa manne. Hesabu hiyohiyo kwa vipindi vya dakika 6 inakupeleka masaa matano na dakika 20, na hapo hujala, hujaswali, na stima haijapotea.

Wale wa Kisauni walikuwa na tivi moja, watu 22 na vipindi vya dakika 6. Mechi 21 mara dakika 20 ni masaa saba bila hata kupumua. Wakianza saa nane wangemaliza saa tatu usiku kama kila kitu kingeenda sawa, na hakuna siku kila kitu kinaenda sawa.

Onyo: namba isiyokuwa 4, 8, 16 au 32 inasumbua mtoano. Ukikwama na watu 22, nenda namba kubwa inayofuata, 32, toa 22, unapata 10. Watu 10 wanapita bure raundi ya kwanza, 12 waliobaki wanacheza mechi 6, washindi 6 wakijumlishwa na wale 10 wanakuwa 16. Hao wa kupita bure wapatikane kwa kura mbele ya watu wote, usiwachague wewe.

Mimi nashauri funga usajili kwenye 16. Mtu wa 17 mwandike akiba, asipokuja mmoja yeye anaingia. Na kama kibanda kina tivi mbili chagua makundi, manake mtu ametoka Mtwapa amelipa nauli na kiingilio, si vizuri acheze robo saa moja arudi kwao.

Hapa umemaliza pale unapoweza kusema kwa mdomo wako mechi ni ngapi, zamu ngapi, na mtafunga saa ngapi.

## Hatua ya 2: Panga saa zako na adhana

Chagua Jumamosi au Jumapili, anzeni asubuhi. Mashindano ya jioni Mombasa yanakatwa na magharibi halafu isha, na watoto wa watu wanarudi nyumbani usiku. Ratiba ninayotumia ni hii:

- Saa tatu asubuhi: kuhakiki majina, droo
- Saa tatu u nusu: mechi za makundi, zamu 12
- Saa sita u nusu: kuswali, kula
- Saa nane: robo fainali, halafu nusu fainali, mshindi wa tatu na fainali moja moja kwenye tivi moja, ndo maana siku inapita kidogo yale masaa manne
- Saa tisa na dakika 35: zawadi, na alasiri hiyoo

Lile saa moja u nusu la mchana usilipunguze. Makundi yakichelewa nusu saa linameza, na watu wanapata nafasi ya kwenda kununua viazi karai na bajia wakarudi na roho safi.

Mchezaji wa kutoka Likoni mwambie awe mjini saa mbili u nusu. Feri haina uhakika wa dakika. Akikupigia simu saa tatu na robo akakwambia yuko kwenye foleni upande wa kule, mechi yake ya kwanza isogeze mwisho wa mzunguko mara moja, ya pili hapana.

## Hatua ya 3: Andika sheria, karatasi moja, ibandikwe ukutani

Andika kwa mkono, herufi kubwa, na kila mtu asaini akilipa. Zangu ni hizi:

1. Jina la gemu liandikwe kamili. Mtaani sote twasema FIFA lakini FIFA 23 ndo ilikuwa ya mwisho kwa jina hilo, kuanzia Septemba 2023 inaitwa EA Sports FC. Mtu anafanya mazoezi wiki nzima kwa FIFA 23 anafika anakuta FC 24, anaona amefanyiwa hila. Na kuna wa eFootball, gemu nyingine ya mpira, huyo ndo kabisa.
2. Vilabu vya nyota tano tu, timu za taifa hapana. Wawili wakitaka timu moja wote wapewe, mmoja abadilishe jezi.
3. Dakika 4 kila kipindi, fainali dakika 6. Kasi ya kawaida. Majeruhi zima, ofsaidi washa.
4. Kusimamisha mechi ni mpira ukiwa umetoka tu, mara mbili kwa kila mtu. Akisimamisha mwenzake yuko mbele ya goli, refa anampa mwenzake goli.
5. Ushindi pointi 3, sare 1. Wakilingana pointi tunaangalia tofauti ya magoli, halafu magoli ya kufunga, halafu mechi yao wenyewe, halafu mechi ya goli la kwanza.
6. Mchezaji asipotokea dakika 10 baada ya kuitwa mechi inahesabiwa 3-0.
7. Matusi, kugusa padi ya mwenzako, kugusa waya: onyo moja, ya pili unatoka na pesa hairudi.

Hiyo ya tofauti ya magoli, sheria ya 5, watu hubishana sana na mimi. Wengine wanataka mechi ya wao wawili ndo ianze. Chagua unayotaka, lakini iandikwe kabla, manake ikiandikwa baada ya mechi kuchezwa itakuwa inampendelea mtu fulani hata kama wewe hukukusudia.

Sare kwenye mtoano je? Jaribu gemu yako siku kabla uone inaenda yenyewe kwenye penalti au inaishia sare. Ikiishia sare, fungueni mechi mpya, wa kwanza kufunga ndo amepita.

## Hatua ya 4: Pesa iwe wazi kama kioo

Kiingilio shilingi 200 kwa watu 16 ni 3,200. Mimi nagawa hivi: wa kwanza 1,500, wa pili 700, wa tatu 300, inayobaki 700 ni tokeni za stima, maji ya marefa na selotepu. Andika mgao huo kwenye tangazo lenyewe.

Mwenye kibanda ongea naye mapema. Yeye analipisha kwa mechi au kwa saa, na siku yako anakosa wateja wake wote. Kubalianeni bei ya siku nzima, kama haitoki kwenye ile 700 basi pandisha kiingilio, usimwambie tutaonana baadaye.

Malipo yapite M-Pesa kwa namba moja, na mshika pesa aandike kwenye daftari jina, namba ya muamala na saa. Jina la M-Pesa mara nyingi ni la mama au la kaka, kwahivo andika na jina la mchezaji pembeni. Nshaona mtu amelipa kweli kabisa anaambiwa hajalipa kisa jina halifanani, akatoka hapo machozi yanamlenga.

Onyo: kuwekeana pesa pembeni, huyu na yule, kataza na usione haya. Vibanda hivi vimejaa watoto, na kamari chini ya miaka 18 sheria ya Kenya inakataza. Pia mzazi akisikia kuna kamari hapo, mwenye kibanda ndo anaharibikiwa.

## Hatua ya 5: Kagua mashine usiku wa kuamkia siku

Nenda mwenyewe. Usitume mtu.

Padi. Chukua kila padi, ingia kwenye menyu, iweke juu ya meza usiiguse, hesabu mpaka thelathini. Kama alama inatembea peke yake stiki (kile kijiti cha kidole gumba) imekufa, mchezaji wake atakuwa anakimbia kushoto bila kutaka. Kisha shika stiki uizungushe taratibu pembeni yote, usikie kama kuna mahali inakwaruza au inanata. Hapa Pwani jasho na unyevu wa bahari vinaingia humo ndani, padi ilokuwa nzima mwezi uliopita saa hii haifai. Nzuri zibandike selotepu na namba, 1 mpaka 4. Mchezaji akilalamika utajua ni padi gani na utaikagua hiyo, badala ya kubishana.

Zote zichezeshwe kwa kebo. Kwenye PS4 ingia mipangilio, vifaa, padi, chagua mawasiliano ya kebo ya USB, manake ukichomeka tu inaweza kuwa inachaji huku bado inatumia Bluetooth, na chumba chenye simu arobaini Bluetooth inachelewa.

Tivi. Tafuta hali ya gemu (Game Mode) kwenye mipangilio ya picha uwashe. Tivi za kisasa zinaipamba picha kabla ya kuionyesha, na huko kupamba kunachelewesha, unabonyeza sasa mchezaji anapiga baadaye kidogo. Tivi moja ikiwa na hali ya gemu na nyingine haina, wanaocheza ile ya pili wanaumia. Ukikosa kabisa, hakikisha kila mchezaji kwenye kundi amecheza tivi zote mbili.

Gemu. Kama ni ya kupakua, si ya diski, zima intaneti halafu ifungue. Ikiwa na alama ya kufuli, akaunti iliyoinunua haijaifanya PS hiyo kuwa ya kwake hasa, na siku ya mashindano wifi ikikatika huchezi. Rekebisha usiku huo, na mwenye akaunti awepo. Angalia pia vikosi. PS moja ikiwa imeapdetiwa wiki hii na nyingine ni ya mwaka jana, timu moja itakuwa na wachezaji tofauti kwenye tivi mbili.

Tokeni. Soma mita kabla hujaondoka. Ziko chache, nunua hapohapo.

Ukiondoka, mashine zote mbili ziwe zimecheza mechi nzima moja kwa padi zilezile za kesho.

## Hatua ya 6: Droo mbele ya macho ya watu

Vijikaratasi 16, kofia moja, mtoto mdogo wa hapo jirani ndo achote. Usifanye droo nyumbani ukaja na orodha, hata uwe mkweli vipi haitaaminika.

Kama unajua wakali wanne, waliofika nusu fainali mara iliyopita kwa mfano, watenge, kila mmoja aongoze kundi lake. La sivyo wanakatana kundi moja na fainali inakuwa baridi. Watu wa maskani moja pia jaribu wasiwe kundi moja, ikitokea basi wacheze mechi yao ya kwanza kabisa kabla hawajajua nani anahitaji nini.

Mpangilio wa kundi la watu A, B, C na D ni huu: A na B, C na D. Halafu A na C, B na D. Mwisho A na D, B na C. Mizunguko miwili ya kwanza tivi ya kwanza ichukue makundi mawili na ya pili mawili. Mzunguko wa mwisho badilisha: mechi mbili za kundi moja zichezwe kwa wakati mmoja, moja kila tivi. Mkiacha ziende moja moja, wale wa mwisho wanajua tayari sare inawapitisha wote, wanakaa wanapasiana nyuma. Kombe la Dunia lenyewe liliingia kwenye aibu hii 1982, Ujerumani Magharibi na Austria, ndo sababu mechi za mwisho za makundi sasa zinachezwa pamoja.

Chora makundi yote kwenye manila, bandika juu watu wasipofika kwa mikono. Mtu akiuliza anacheza lini, unanyoosha kidole tu.

## Hatua ya 7: Siku yenyewe ni ya marefa

Kabla mechi kuanza refa anaita wawili wanaofuata wakae benchi nyuma ya wanaocheza. Hili tu linaokoa dakika tatu kila zamu, na kwa zamu 16 ni karibu saa nzima.

Kila mechi refa anafuta padi kwa kitambaa kikavu, anasoma mipangilio kwa sauti, dakika nne, kasi kawaida, wanaitikia, wanaanza. Mapumziko anapiga picha skrini kwa simu. Mwisho anapiga picha tena, wachezaji wote wawili wanaangalia akiandika kwenye manila. Picha hizo msizifute mpaka kesho yake.

Feni zielekee wachezaji na mashine. PS ikianza kunguruma kama posho mill isogeze mbali na ukuta ipate hewa, isiwekwe juu ya godoro wala ndani ya kabati.

## Hatua ya 8: Stima ikipotea

Itapotea, kwahivo jiandae kama vile umeshaambiwa saa.

Nakumbuka robo fainali moja Tudor, chumba kimejaa mpaka mlangoni, feni likaanza kupunguza mzunguko, skrini ikawa nyeusi, watu wakapiga yowe. Aliyekuwa mbele 2-1 akasimama na padi mkononi anatetemeka, anasema nimeshinda mimi. Refa hakusema neno. Akatoa simu, akaonyesha picha aliyopiga sekunde chache kabla, goli la pili lilipoingia: 2-1, dakika ya 63. Wote wawili wakaitazama. Wakakaa chini. Stima iliporudi wakacheza dakika zilizobaki na matokeo yakaanza pale yalipoishia, na hakuna aliyepaza sauti.

Sheria ya karatasi yetu ilikuwa hivi na naomba uichukue kama ilivyo: ikikatika kabla ya mapumziko mechi inarudiwa upya 0-0. Ikikatika kipindi cha pili, matokeo yanabaki, mnafungua mechi mpya na mnacheza kwa saa ya ndani ya gemu dakika zilizokuwa zimebaki tu, refa anasimamisha. Ndo maana refa apige picha kila goli linapoingia, si mapumziko peke yake.

Onyo kubwa: stima ikikatika chomoa PS na tivi ukutani papo hapo. Ikirudi inakuja na nguvu, subiri dakika tano iwe imetulia. Na PS4 iliyozimika ghafla itaanza kukagua hifadhi yake kwanza, iache imalize, ukiizima tena katikati unaweza kupoteza gemu yote. Mwenye UPS aichomeke PS na tivi moja, feni hapana, hapo angalau mechi moja inaisha.

Ikipita saa nzima hairudi, kata mechi ya mshindi wa tatu, zawadi ya tatu wagawane. Ikipita masaa mawili tangaza siku ya kumalizia, kabla watu hawajaanza kutawanyika, na piga picha ya manila.

## Hatua ya 9: Nusu fainali mpaka zawadi

Nusu fainali zicheze moja baada ya nyingine kwenye tivi kubwa, hapo tena hamkimbizani na saa, watu wanataka kuona. Ile tivi ya pili izime iache kuvuta tokeni.

Kabla ya fainali wachezaji wachague padi wenyewe kati ya zile nne. Mmoja akitaka aliyotumia asubuhi mpe, mwenzake akiitaka hiyohiyo rusheni sarafu.

Pesa ya zawadi itumwe M-Pesa palepale, mshindi asome meseji kwa sauti. Mshika pesa afungue daftari aoneshe ile 700 imeenda wapi, shilingi kwa shilingi, hata kama hakuna aliyeuliza.

Halafu hesabu padi. Sita zilikuja, sita zirudi, na kebo zake sita, umkabidhi mwenye kibanda mkononi kabla hujatoka mlangoni.